Jinsi ya kuchora herufi zenye kivuli kama za majalada ya vitabu vya zamani

Kitabu kilichonifundisha kivuli hakina tena kurasa za mwisho, mchwa walizimaliza kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni jalada la mbele, kitambaa cha kijani kilichofifia, na jina limepigwa kwa dhahabu, kila herufi ina kivuli cheusi upande wa kulia na chini. Siku moja nilikipeleka dirishani nikakitazama kwa lenzi ya kukuzia. Kwenye herufi R niliona uzi wa kijani, mwembamba kama unywele, umepita katikati ya dhahabu na weusi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba dhahabu na weusi havikupigwa kwa pigo moja. Ulishuka muhuri mmoja wa shaba wenye herufi, ukashuka na mwingine wenye kivuli, na huo wa pili ulikosea mahali pake kwa upana wa unywele, hivyo kitambaa kikachungulia.

Tangu siku hiyo nimechora herufi za kivuli nyingi hapa Lamu: kwenye mbao za majina ya mashua, kwenye vibao vya maduka, na hasa kwenye majalada ya madaftari ya mashairi ambayo watu huleta yashonwe upya. Mwongozo huu ni wa jalada. Tutachora neno KASKAZI kwenye kadibodi ya ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Nimelichagua neno hili kwa sababu lina K mbili na Z moja, na herufi hizo mbili ndizo zinazowashinda wengi.

Kwanza ujue unaiga kitu gani

Herufi zenye kivuli zilianza kuuzwa zikiwa herufi za chapa, zile za madini ya risasi, mwaka 1815, zilipoonekana kwenye kitabu cha sampuli cha Vincent Figgins wa London. Kabla ya hapo herufi za chapa zilikuwa zaidi za kusomwa mkononi, ndani ya kurasa. Wakati huo matangazo ya ukutani yalikuwa yameanza kushindana barabarani, na kila mwenye matangazo alitaka neno lake lisimame mbele ya mengine. Kivuli kilifanya kazi hiyo bila kuongeza ukubwa wa karatasi.

Vitabu vilifuata. Kuanzia miaka ya 1830, majalada ya kitambaa yalipoanza kupigwa dhahabu kwa mashine, jina la kitabu lilichongwa kwenye muhuri wa shaba. Mchongaji hakulazimika kutumia herufi zilizokuwepo kiwandani. Alichora zake, akazipa kivuli alivyotaka, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mara moja na muhuri ungepiga nakala nyingi. Ndiyo maana majalada ya karne ya 19 yana vivuli vya kila namna, hata vyenye mistari midogo midogo ndani yake kama mkeka.

Baadaye, katika miaka ya 1930, Robert Hunter Middleton wa Chicago alitoa herufi zinazoitwa Umbra. Jambo lake la ajabu ni kwamba herufi yenyewe haipo, kuna kivuli tu, na jicho linajaza yaliyobaki. Kisha katika miaka ya 1960 zikaja herufi za kusugua za Letraset, ambazo unaziweka juu ya karatasi, unasugua kwa kijiti, zinabandika. Nazo zilikuwa na za kivuli, na majalada mengi ya wakati huo yalitengenezwa hivyo mezani, bila mashine yoyote.

Kwa hiyo ukisema unataka "kivuli cha kizamani", amua ni kipi. Kuna kivuli kilichoshikamana na herufi, kinachoifanya ionekane nene kama imekatwa kwenye ubao. Kuna kilichojitenga, kana kwamba herufi inaelea mbele ya ukuta. Na kuna hicho cha Umbra. Leo tunafanya cha kwanza, halafu tutakiachia ufa mwembamba. Huo ufa ni ule uzi wa kijani niliouona kwenye R, ila sisi tutauweka kwa makusudi.

Vifaa

Penseli ngumu iliyochongwa vizuri, rula, karatasi nyembamba ile ya kunakilia ramani shuleni, na zile pembetatu mbili za plastiki zilizomo kwenye mkebe wa jiometri wa mwanafunzi. Usimrudishie mtoto mkebe wake mpaka umalize, utazihitaji zote mbili. Rangi ya maji iliyo nzito, brashi moja bapa ya milimita 3 na nyingine ya ncha nyembamba. Kadibodi ngumu iliyokwisha kupakwa rangi ya chini ikakauka. Mimi napenda kijani kilichokolea.

Hatua ya kwanza: liweke jua mahali pake

Kabla ya penseli kugusa karatasi, jua lazima lisimame mahali pamoja, lisiondoke.

Fanya jaribio hili walau mara moja maishani. Kata herufi K kwenye kadibodi, kubwa kama kiganja, ibandike juu ya vipande vinne vya kizibo, kisha ipachike kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kama digrii 2 tu kusini yake, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini na kivuli kinaanguka chini kama pazia. Nenda saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Utaona kivuli kimelala upande mmoja, kwa mteremko ule ule kwenye kila sehemu ya herufi. Angalia mkono wa juu wa K na mguu wake wa chini. Mmoja una kivuli kinono, mwingine kivuli chake kimekonda mpaka karibu kutoweka. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Milango ya nakshi ya mji wetu inafundisha jambo hilo hilo bila gharama. Pita mbele ya mlango mmoja asubuhi, upite tena alasiri, na nakshi ile ile itakusomea mambo mawili tofauti.

Niliwahi kuandika jina la mashua lenye herufi sita. Herufi tatu nilizipa kivuli jioni, adhana ya Magharibi ikanikatiza. Asubuhi nilirudi nikakaa upande wa pili wa ubao, nikamalizia tatu zilizobaki. Nahodha akaja, akasimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Fundi, jina langu lina majua mawili." Alikuwa amesema kweli. Herufi tatu zilitupa kivuli kushoto na tatu kulia, na jina lilikuwa limevunjika katikati. Nilipiga msasa ubao mzima nikaanza upya. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachochora kwenye kila kazi ni mshale mdogo pembeni unaoonyesha kivuli kinakokwenda, na siufuti mpaka rangi ya mwisho ikauke.

Kulia au kushoto?

Waandishi wa vibao kwa brashi wengi hutupa kivuli kushoto na chini, na wana sababu. Tazama B, E, F, K, P, R: upande wa kushoto zote zina nguzo moja iliyonyooka. Kivuli cha kushoto ni mvuto mmoja mrefu wa brashi. Ukikipeleka kulia, itakubidi uingie kwenye kila tundu na kila mkono wa herufi. Kwenye mashua nakubaliana nao kabisa, nami nafanya hivyo hivyo.

Lakini kwenye majalada ya vitabu vya zamani, kivuli mara nyingi huenda kulia na chini. Mchonga muhuri hakuhesabu mivuto ya brashi. Basi kwa kuwa tunataka sura ya kitabu, tutakwenda kulia na chini.

Hatua ya pili: panga herufi ukihesabu na kivuli

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoharibu, maana hupanga herufi kwanza vizuri kabisa, halafu kivuli kinakuja kukosa pa kulala.

Acha pambizo ya milimita 14 kila upande. Unabaki na 120. Herufi zetu ziwe na urefu wa milimita 24 na unene wa nguzo milimita 4. Upana wake: K ipe 14, A ipe 15, S ipe 12, Z ipe 12, na I ni nguzo tu, 4. Jumlisha herufi zote saba: unapata 86. Kivuli kitasogea kulia milimita 2.5, na hicho cha herufi ya mwisho lazima kipate nafasi yake ndani ya zile 120. Inabaki 31.5, igawe kwa nafasi sita zilizo katikati ya herufi: kama milimita 5 kila moja.

Nafasi hiyo ya milimita 5 haiko yote mikononi mwako. Nusu yake itamezwa na kivuli. Kama ungeanza na nafasi ya milimita 3, kama watu wanavyozoea kwenye herufi za kawaida, kivuli cha K kingekaribia kuigusa A na neno lingekuwa donge.

Rula usiifuate kama mtumwa. Pachika vipimo, kisha simama urudi nyuma hatua mbili, ukodoe macho kidogo. Unatafuta weupe ulio sawa kati ya herufi, na milimita hazikuambii hilo. A inapanuka miguuni, kwa hiyo kichwani inaacha uwazi mkubwa. Isogeze kidogo karibu na S. Z na I zikaribianapo huwa nzito. Ziachanishe kidogo.

Chora herufi zenyewe kwa penseli, mistari myepesi. Mkato wa kati wa A uushushe chini kuliko ulivyozoea, kwa sababu kivuli kitaingia kwenye lile tundu la pembetatu, na tundu likiwa dogo litaziba lote.

Hatua ya tatu: pembe ya kivuli

Karibu kila anayefundisha jambo hili husema digrii 45, yaani ukisogea 2 kulia unasogea 2 chini. Kwa neno lenye H, E, L, T na I ni sawa kabisa. Kwa K, hapana.

Tazama mguu wa chini wa K yetu. Unateremka kuelekea kulia, na mteremko wake hauko mbali na digrii 45. Kivuli nacho kinateremka kulia kwa digrii 45. Mguu na kivuli chake vinakwenda njia moja, kama watu wawili kwenye kichochoro chembamba ambapo mmoja lazima ajifiche nyuma ya mwenzake. Nguzo ya K ina kivuli cha milimita 2 kamili, mguu wake una nusu milimita. Msomaji hataijua sababu, ila ataona K imekonda. Na neno letu lina K mbili.

Ukihamishia kivuli kushoto, tatizo linahama nalo: sasa ni mkono wa juu wa K na ule mshazari wa Z vinavyokosa kivuli. Hakuna pa kukimbilia kwa kubadilisha upande.

Dawa ni kulaza pembe. Chukua ile pembetatu ya pili, yenye digrii 30 na 60, utumie digrii 30: milimita 2.5 kulia, milimita 1.5 chini. Sasa mguu wa K unapata zaidi ya milimita moja ya kivuli, nguzo inabaki nene, na Z imesimama vizuri. Kwenye jalada langu la kijani mchongaji alifanya hivyo hivyo. Nililipima. Miaka mingi nilikuwa nikidhani kivuli chake kimelala kwa bahati tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kabla ya kuchagua pembe, tafuta kwenye neno lako mistari ya mshazari, kisha chagua pembe isiyofuatana na wowote kati ya hiyo.

Hatua ya nne: sogeza na uunganishe

Weka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro, nakili neno zima. Inyanyue, isogeze milimita 2.5 kulia na 1.5 chini, ibane kwa selotepu ya karatasi. Sasa unaona neno mara mbili, moja juu ya jingine. Kwa ile pembetatu, unganisha kila kona ya herufi ya mbele na kona yake ya nyuma. Kila mstari wa kuunganisha ulale sawasawa na mwenzake. Mistari iliyofichika nyuma ya herufi usiichore kabisa.

Kwenye K, I na Z kazi ni ya kona kwa kona. A inahitaji uangalifu ndani ya tundu: kivuli cha mguu wa kushoto kinaingia humo, na mkato wa kati unatupa kivuli chake chini, kati ya miguu miwili. Ndani ya tundu ibaki pembetatu ndogo ya kijani. Ikiwa haikubaki, shusha mkato tena.

S haina kona za kuunganisha isipokuwa kwenye ncha zake mbili, na hapa ndipo pana utamu wote wa kazi hii. Shika pembetatu kwa digrii zile zile 30, iteleze taratibu kuelekea S mpaka ukingo wake uguse mpindo mahali pamoja tu, kama midomo inavyogusa kikombe. Weka nukta hapo. Kivuli kinazaliwa kwenye nukta hiyo, kikiwa chembamba kama si kitu, kinanenepa kadiri mpindo unavyogeuka, kisha kinakonda tena na kufia kwenye nukta nyingine ya aina hiyo. Kivuli cha mpindo hakianzi kwa kona hata siku moja. Ukikiona kimeanza kwa kona, mtu amekibuni kichwani. Tafuta nukta hizo zote kwenye S moja, ndani na nje ya mipindo, kabla ya kuchora mstari wowote. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa, na nusu saa hiyo isikusikitishe.

Hatua ya tano: rangi

Herufi kwanza, kivuli baadaye. Rangi ya herufi iwe ya malai au manjano iliyopoa, mikono miwili, yaani uipake mara mbili, maana manjano juu ya kijani hupenya kama shela. Subiri ikauke kabisa kati ya mkono na mkono.

Kisha kivuli. Majalada ya zamani yalitumia weusi mtupu kwa kuwa ndio wino uliokuwa ukipigwa. Kwa brashi, mimi huona weusi mtupu una ukali usiotulia. Chukua kijani kile kile cha chini, kitie weusi mpaka kikolee sana. Kivuli cha kweli ni ukuta ule ule uliokosa jua, na rangi ikifuata hilo neno linakaa juu ya jalada kama limezaliwa nalo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, tumia rangi mbili za kivuli: ubavu wa kulia upate iliyokolea kiasi, na upande wa chini upate iliyokolea zaidi, kwa sababu chini ya kitu ndiko mwanga usikofika. Zikutane kwenye ule mstari wa kona. Kwenye herufi za milimita 24 inawezekana, kwenye ndogo kuliko hapo utajitesa bure.

Sasa ule ufa. Usiibandike rangi ya kivuli kwenye herufi. Acha nusu milimita ya kijani kati yao, pande zote. Ufa huo unaficha mtetemo wa mkono, kwa kuwa rangi mbili zisizogusana haziwezi kupandana, na ukiwa mbali unaifanya herufi ing'ae zaidi. Shikilia pumzi kwenye mivuto mirefu na vuta brashi ukiielekeza kwako.

Ukitaka kujaribu namna ya Umbra, fanya hatua zote hadi ya nne, kisha upake kivuli peke yake na kuacha herufi tupu. KASKAZI inasomeka, kwa kuwa ni neno tunalolijua na jicho linalijaza haraka. Kwa jina la mtu geni usithubutu. Na kwenye mashua usijaribu, kwa umbali wa mita 50 hakuna atakayesoma kitu.

Kumalizia

Mistari ya penseli ifute siku ya pili, kwa kifutio laini, kwa kugonga zaidi kuliko kusugua. Rangi ya maji itayeyuka kwa jasho la kiganja, kwa hiyo jalada lifunike kwa ile plastiki angavu ya kufunikia vitabu vya shule. Usiharakishe hapo. Wakati wa kaskazi siku moja ya kukauka inatosha. Wakati wa masika, mwezi wa Aprili na wa Mei, acha siku mbili ndani ya nyumba, mbali na dirisha linalotazama bahari, la sivyo unyevu utabaki chini ya plastiki na baada ya wiki chache utaona madoa ya ukungu yakitembea juu ya S.

Ile karatasi ya kunakilia usiitupe. Andika pembeni yake pembe uliyotumia na zile namba mbili, 2.5 na 1.5, uiweke ndani ya daftari lenyewe. Jalada likichakaa, atakayelichora tena atakuta kila kitu kimo humo.